Kaburu Aliyeshika Funguo

Jumapili, tarehe 11 Februari 2001. Mvua ya upepo tangu alfajiri, ile inayopiga dirisha kwa ubavu. Mwavuli hausaidii.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile, kisha nikakaa na kalamu mkononi bila kuongeza neno. Nimezoea kuandika kila siku, mistari mitatu minne, si kwa kuwa nina mambo ya maana. Ni kwa sababu katika nyumba yetu ya Tooting, hapa Landani, hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita na muziki masikioni. Mume wangu alikuwa amerudi Nairobi miaka mitano nyuma kutafuta kazi. Akaipata, akapata na mke. Simlaumu kwa yote. Baridi ya huku si ya kila mtu, na mimi nami si mtu rahisi kuishi naye. Napenda jambo lisemwe lilivyo, hata lile ambalo lingeachwa lilale watu wangepumua.

Siku ile nilipaswa kumpigia mama simu, nimwambie kwamba baba tuliyempa si baba yake. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika.

Lakini nimeanza na mkia. Mwalimu wangu wa darasa la saba, ambaye ndiye wa mwisho niliyekuwa naye, angenipigia mstari mwekundu. Ngoja nirudi.

Mama yangu alizaliwa katika shamba la Makaburu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Eldoret. Makaburu, kwa asiyewajua, ni wale Wazungu waliotoka Afrika Kusini kwa meli, kisha wakaupanda uwanda wetu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Walikuwa kizazi cha Waholanzi wa zamani sana. Walipewa ardhi ambayo haikuwa ya aliyeitoa. Na sisi Wakikuyu tulifika pale nyuma yao kama maskwota, kulima na kukamua, kwa hiyo hata sisi tulikuwa wageni kwenye nyasi za wenyewe. Lazima niliseme hilo, maana wako wanaosimulia kana kwamba tuliota pale pamoja na nyasi.

Nyanya yangu alikuwa msichana wa jikoni. Alipojifungua, mtoto alitoka na rangi ya chai yenye maziwa mengi na nywele zinazolala. Kambi nzima ilielewa, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Nyanya alisema jambo moja tu: "Ni wa yule mwenye funguo." Katika nyumba ile kulikuwa na vijana watano wa kiume, na mmoja wao alitembea na funguo kiunoni, za ghala la unga, za chumba cha maziwa, za dawa za ng'ombe. Ukimwuliza nyanya zaidi ya hapo, alitazama ndoo, akasema maji yamekwisha, akashika njia ya mtoni. Mpaka amekufa. Kama alipendwa, kama alilazimishwa, kama ilikuwa kitu cha katikati kisicho na jina, sijui. Mama naye hajui. Nimejaribu mara nyingi kuchagua moja ili akili itulie, nikaona kila ninalolichagua linamsingizia mmoja wao, na wote wawili hawawezi kujitetea.

Sasa, kwetu mtoto haitwi ovyo. Wa kwanza wa kiume huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Wa kwanza wa kike ni nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Na si jina tu: anayeitwa ndiye amerudi. Binti yangu ni mama mkwe wangu, na hununa vilevile. Mimi ni binti wa pili kwa mama, kwa hiyo mimi ni yule msichana wa jikoni. Mama aliyenizaa na kunichapa hajawahi kuniita mwanangu. Huniita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, mbona sufuria hukuosha?" Niliwahi kuwaeleza wenzangu kazini, wakacheka, na sikuwalaumu. Ni kitu cha kuchekesha ukikitazama kutoka nje.

Shida ilikuwa kaka yangu wa pili. Huyo ndiye aliyepaswa kuwa baba yake mama, na hakuna aliyejua aitwe nani. Wakampa jina la kaka yake nyanya, kama mtu anavyoziba dirisha lililovunjika kwa katoni. Upepo hauingii sana, lakini kila mtu anaona ni katoni. Mama hakusahau. "Wote wamerudi," alikuwa akisema, "isipokuwa baba yangu. Yuko nje anapiga hodi na mimi sijui nimkaribishe kwa jina gani."

Nilipokuwa nakuja huku, aliniambia, "Unakwenda kwa Wazungu. Niulizie."

"Mama, Wazungu ni wengi. Na hao hawakutoka Landani."

"Wewe uliza tu. Si ndiwe ulinyamaza?"

Watu waliokuja kuniaga walicheka. Yeye hakucheka.

Ningemwuliza nani? Kwa miaka minane sikuuliza mtu yeyote. Nilisafisha ofisi, halafu nikapata kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuogesha, kuvisha, kupasha chakula, kuingia basi kwenda kwa mwingine. Unaongea siku nzima na hakuna ulichosema. Jumamosi nilikuwa nikienda kwenye duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu, karibu na nyumbani, nikachagua maharagwe polepole kuliko ilivyohitajika, ili tu aniambie, "Dada, hii mpya, imeingia jana." Hicho kilikuwa Kiswahili changu cha wiki.

Mwaka wa tisini na tisa ofisi ikanipa mzee mpya, Streatham. Waliniambia ana sukari, miguu imevimba, hapendi samaki. Nikaingia, nikamsalimia kwa Kiingereza. Alikuwa mama mdogo wa umbo, kwenye kiti kikubwa kilichokuwa kama kinammeza. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema:

"Wewe natoka wapi?"

Nilidhani masikio yangu yamechoka.

"Kenya," nikajibu.

"Kenya mingi. Wapi?"

"Eldoret."

Akapiga mkono wa kiti. "Sisibo!" Hilo ndilo jina la zamani la mji wetu, na sikuwa nimelisikia tangu niondoke. "Mimi nazaliwa uko. Mimi Kaburu." Alilitamka neno hilo kama mtu anavyosema mimi ni fundi. Halafu: "Haya, yaya. Leta chai."

"Mimi si yaya. Mimi ni kea."

"Tofauti gani?"

Nilifikiri. "Yaya hulala kwa mwajiri. Mimi nina basi la kukimbilia."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashambani, cha kuamrisha jikoni. Hakikuwa na tafadhali ndani yake. Mwanzoni kilinichoma. Baadaye niliona kwamba ndicho alichofundishwa akiwa mtoto, na hakuwa amekitumia miaka arobaini. Aliolewa na Mwingereza wa reli, wakaja huku uhuru ulipokaribia, wakati ndugu zake wote walirudi Afrika Kusini. Mume alikufa. Alikuwa na mtoto mmoja, mbali, kaskazini, aliyepiga simu Krismasi. Mjukuu wake alikuwa amepewa jina lililotoka kwenye televisheni.

"Kwetu hapana hivyo," alinilalamikia siku moja nikimlisha uji. "Mtoto ya kwanza, jina ya babu yake, baba ya baba. Ya pili, jina ya babu ule mwingine. Siku zote. Toka Holanzi. Sasa jina ya baba yangu nakufa hapa, Streatham, kama paka."

Niliweka kijiko chini. "Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Hapana! Nyinyi naiba kwetu?"

"Au nyinyi ndio mliiba kwetu."

"Sisi naiba ng'ombe," akasema. "Jina hapana."

Sikujua nicheke au niondoke. Nilicheka. Sijui hadi leo kama nilifanya vizuri.

Ikachukua miezi kabla sijamwambia. Nilimwambia nikimwosha miguu, labda kwa sababu nilikuwa nimeinama na sikulazimika kumtazama. Nikamweleza shamba lilipokuwa, mto ulivyopinda, vijana watano, na yule mwenye funguo. Nikamwambia kuhusu mama.

Aliutoa mguu majini, maji yakamwagika kwenye zulia.

"Kijana ya Kaburu hapana fanya vile."

"Mama yangu yupo. Ana rangi yake."

"Labda Mwingereza."

"Pale hapakuwa na Mwingereza."

Akaomba taulo, kwa Kiingereza. Wiki nzima alisema nami Kiingereza tu, na kwa Kiingereza alikuwa na adabu nyingi. Tafadhali kila mahali. Niliumia. Lakini nikijiweka kwenye kile kiti chake, naona kwamba hakuwa amebaki na kitu kingine duniani isipokuwa ule utoto wake kule uwandani, na mimi nilikuwa nimeingia humo na ndoo ya maji machafu bila kubisha hodi.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nakunja shuka, mgongo umemwelekea, akauliza:

"Mama yako, kidole yake namna gani?"

"Vidole?"

"Ya mguu."

Vidole vya mguu vya mama, cha pili na cha tatu, vimeshikana mpaka karibu na kucha. Kaka yangu wa pili anavyo hivyo. Mimi sina. Sikuwa nimemtajia, kwa nini nimtajie?

"Vimeshikana," nikasema.

"Kama bata," akasema yeye. "Hiyo nyumba yote. Sisi naoga pamoja kwa bwawa, watoto yote. Mimi naona." Kisha akageuza uso dirishani. "Basi. Kweli."

Nilikaa kitandani kwake, jambo ambalo ofisi hairuhusu.

Tangu hapo alianza kunipangia ukoo wa nyumba ile, kwa kuwa watu wake na wao walikuwa wameoana mara nyingi. Ile Biblia kubwa ambamo Makaburu huandika vizazi ilipotea katika kuhamahama, kwa hiyo alikuwa na kichwa chake na ile desturi, basi. Tulitumia vibanio vya nguo. Vya mbao vilikuwa wanaume, vya plastiki wanawake, tukavipanga kwenye sinia aliyokuwa akilia chakula. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, alikaa yule aliyeshuka kwenye meli ya Waholanzi pale Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, kulima kabeji za kulisha mabaharia. Baada yake mwanawe, kisha mjukuu mwenye jina la yule wa kwanza, kisha jina la baba tena, yakizunguka kama ng'ombe kwenye kinu. Nilikuwa nikimaliza kazi, navaa koti, na bado tumesimama kwa mtu fulani aliyekufa kabla hata reli haijafika kwetu.

Siku moja aligusa kibanio cha plastiki, cha buluu, karibu sana na yule wa kwanza.

"Huyu, mama yake mtumwa. Naletwa na meli. Watu hapana sema."

"Alifanya kazi gani?"

"Gani? Jikoni."

Nilipokuwa kwenye basi nilijiuliza kama yule naye alikuwa na mto wa kwendea akiulizwa.

Nilikuwa na furaha siku zile, nakiri, na furaha hiyo ilinitia wasiwasi. Wale walionyang'anya walikuwa wangu na walionyang'anywa walikuwa wangu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la Streatham nikiwapanga kama mtoto. Nyumbani nilijaribu kumwonyesha binti yangu kwa vijiko. Akatoa kifaa sikio moja, akanijibu kwa Kiingereza kwamba sasa ndio watamtania shuleni vizuri, akakirudisha.

Kilichobaki kilikuwa kibanio kimoja, yule kijana mwenyewe. Mzee wangu alikuwa mtoto mdogo wakati wao ni vijana wakubwa, na wote aliwaita kaka. Wadogo watatu aliwakumbuka kwa majina. Wawili wakubwa hakuwakumbuka.

"Lakini iko rahisi," akasema. "Nani nashika funguo ya shamba? Mtoto ya kwanza."

"Ndiyo," nikasema. "Hata kwetu. Baba hampi mwingine funguo na wa kwanza yupo."

"Na mtoto ya kwanza, jina yake jina ya babu. Babu yao mimi najua, yeye naongoza magari yote kupanda mulima." Akalitaja jina. Akakipachika kibanio mahali pake, akaniangalia kama mtu aliyemaliza kufuma sweta.

Tulikuwa wawili, tumelelewa na desturi moja kwa njia mbili, na hakuna aliyemwambia mwenzake ngoja kwanza. Nikimweka yeye na mimi kwenye mizani, tunalingana.

Nilimpigia mama. Wakati ule kaka alikuwa akimpeleka mjini, kwenye duka la dawa la rafiki yake lenye simu, tukipatana saa. Mama alilirudia lile jina mara mbili, akalikata pembe mpaka likawa la Kikuyu. Hakuniambia asante. Alisema, "Amefika." Miezi mitatu baadaye kaka yangu wa pili alipata mtoto wa kiume, wa tatu. Kwa haki huyo angeitwa kaka yetu mkubwa, lakini kaka mkubwa aliiachia nafasi yake, na mke wa kaka wa pili, ambaye angeweza kabisa kukataa mwanawe kubeba jina la Kaburu, alisema mama amengoja vya kutosha. Mtoto akaitwa. Mama akaanza kumwita baba. Baba amelala, baba ameota jino. Nilisikia kwa simu sauti ya mtu aliyekaa chini baada ya kusimama muda mrefu.

Kisha ikaja Ijumaa ile ya Februari. Nilifika Streatham nikamkuta hajagusa chai. Vibanio vilikuwa kwenye sinia.

"Kaa," akasema.

"Sina muda wa kukaa, mama."

"Kaa."

Binamu yake alikuwa amempigia kutoka Afrika Kusini, kwa mambo ya mirathi ya mtu mwingine, na mzee wangu, kwa kujivuna kidogo, alimtajia jinsi alivyokumbuka ukoo wa nyumba ile wote. Binamu akamsahihisha. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile hakutaka ng'ombe. Alikuwa mtu wa vitabu, alikaa chumbani, baba yake akakata tamaa naye akampa yule wa pili funguo. Yule wa kwanza alikwenda vita vya Waitaliano kule Abisinia, akafia huko, hajaoa. Aliyeshika funguo alikuwa wa pili, na wa pili ana jina la babu mzaa mama.

Akalitaja. Jina tofauti kabisa.

"Mimi nakosa," akasema. "Kabisa." Akakitoa kile kibanio, akakisogeza, akaweka kingine.

Lazima niliandike hili: angeweza kunyamaza. Mimi nisingejua kamwe, na mama angekufa ameridhika. Yeye alikuwa na woga mkubwa wa kubaki peke yake, nami nilikuwa mtu pekee aliyeongea naye lugha ya utotoni mwake. Hata hivyo alinikalisha akaniambia. Kwenye basi nilimkasirikia kwa hilo mpaka Balham. Kufika Tooting nilikuwa nimeshindwa kuendelea kukasirika.

Siku mbili nilizunguka na hilo. Nilijiambia mama ana miaka sitini na saba, moyo wake si mzuri, mtoto ameshaitwa, jina halivuliwi kama shati. Nilijiambia pia kwamba ni wake, baba ni wake, na si kazi yangu kumchagulia. Nyanya alimchagulia kutojua, na tumeona matunda yake. Mchana, saa tisa ya kwao, nilisimama kwenye kijia cha ndani ya nyumba, kando ya mita ya umeme, nikapiga.

"Mama!" Mama hupiga kelele kwenye simu, kwa sababu ya umbali. "Umekula?"

"Nimekula. Wazima huko?"

"Wazima. Baba yuko hapa, amenikojolea sketi ya kanisani."

Nikamweleza. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini yalitoka kama viazi kwenye gunia lililotoboka. Funguo, vitabu, wa kwanza, wa pili. Nilipomaliza, nilisikia kule dukani mtu akiuliza dawa ya kikohozi na mwenye duka akimwambia ya watoto imekwisha.

"Mwenye funguo ni wa pili," mama akasema.

"Wa pili."

"Na huyu niliyempakata ni nani?"

"Ni kaka yake. Yule aliyekwenda vitani."

"Aliacha mtoto?"

"Hapana. Hakuoa."

"Hakuna aliyeitwa yeye, kokote?"

"Binamu anasema hakuna."

Mtoto alitoa sauti, mama akamtuliza kwa ulimi.

"Basi huyo alikuwa nje kwenye baridi kuliko hata baba yangu," akasema.

"Pole, mama. Tulikosea."

"Mlikosea," akakubali, nami nilishukuru kwamba hakunifariji. "Ndugu mkubwa wa baba yangu ni nani kwangu?"

"Baba mkubwa."

"Na baba mkubwa si baba? Nilimwita, akaitika, amekula uji wangu. Simfukuzi mtu mlangoni eti nilikuwa namngoja mdogo wake. Atakaa. Sasa nipe yule mwingine."

"Nimwambie kaka aandike, usije ukasahau?"

"Kaka yako alikuwa pale?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. Ilikuwa mara ya kwanza asipige kelele kwenye simu. "Wewe ndiwe ulikuwa pale. Nilikuuliza tangu niko mdogo, ukachukua ndoo ukaenda mtoni. Nilikuuliza nikiwa mtu mzima, ukaenda mtoni. Leo hakuna mto hapo. Niambie, mama."

Sijui niandikeje hapa. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na soksi za kazi, katika kijia chembamba cha nyumba ya kupanga. Na nilikuwa pia yule mwingine, na yule mwingine hakuwa amesema neno hilo maisha yake yote. Nililisema mara ya kwanza halikutoka. Nililisema tena, lake na la ukoo wake, polepole kama mzee wa Streatham alivyonifundisha.

Mama akalirudia.

"Tena," akasema.

Nikalisema.

"Tena."

Nikalisema mpaka likakaa mdomoni mwake. Kisha akavuta pumzi. "Haya," akasema, "kumbe ulikuwa unajua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemfunikia mwenzake blanketi.

Mwenye duka alitaka simu yake. Kaka akaja hewani, akanisalimia haraka, ikakatika.

Nilibaki nimeushika mkono wa simu. Nilitaka mtu aniulize mimi, si nyanya, mimi, nimeonaje. Mama alikuwa amepata baba wawili siku moja, nyanya alikuwa amepata ulimi wake. Mimi nilikuwa nimepeleka ujumbe, na mjumbe akifika kazi yake imekwisha. Labda ni wivu. Niliandika wivu kwenye daftari, nikalikata, nikaliandika tena, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Binti yangu alitoka chumbani kutafuta chaja. Akaniuliza, kwa Kiingereza, shosho, yaani nyanya yake, alikuwa anataka nini.

"Jina," nikasema.

"Umempa?"

"Nimempa."

Akasimama kidogo, akatazama uso wangu. Akauliza kama nataka aweke birika. Nikasema ndiyo. Akaweka, akarudi chumbani, birika likachemka likazimika lenyewe.

Jioni mvua ilikuwa bado inapiga upande uleule. Tulikula githeri: maharagwe ya yule Mhindi wa Kisumu, niliyoyaloweka tangu Jumamosi, na mahindi ya mkebe, maana ya huku ndiyo hayo, matamu kama peremende. Binti yangu akamwagia kechapu juu. Mimi niliongeza chumvi mara mbili, halafu nikala yalivyo.